Mwamba Nyuma ya Nyumba ya Mama Mkwe

Ukimwambia mtu kwamba kuna watu wanaopigilia misumari kwenye mawe, atakucheka kwanza, kisha atakuuliza kama una homa. Ndivyo alivyochekwa bwana huyu siku alipokwenda kuposa. Wazee wa upande wa binti walimuuliza anafanya kazi gani, naye kwa kuwa hakujaliwa kupamba maneno, akajibu, "Napigilia misumari kwenye miamba." Watu wakatazamana. Mama wa binti, mwanamke mwembamba mwenye vidole vilivyochakaa kwa sabuni, akamgeukia dada yake na kusema bila hata kushusha sauti, "Angesema hana kazi, tungemwelewa."

Mke alipewa. Jina nalo alipewa siku hiyo hiyo, bila kuliomba: Msumari. Mpaka leo mtaani hawamwiti vingine, isipokuwa mkewe, anayemwita Baba Mapacha, na mama mkwe, ambaye kwa muda mrefu hakumwita chochote.

Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni hii. Barabara ikikatwa ubavuni mwa mlima, mwamba hubaki uchi. Jua linaupiga, mvua inauingia, nyufa zinafunguka kidogo kidogo, na siku moja bonge la jiwe linaamua kushuka kumsalimia dereva. Ili lisishuke, mtu hufungwa kamba kiunoni na kwenye mapaja, akateremshwa kwenye ukuta huo na mashine ya kutoboa. Anatoboa shimo refu linalopita kwenye mawe yaliyolegea hadi kufikia jiwe zima lililotulia ndani. Anaingiza nondo ndefu kuliko chumba cha kulala. Kisha uji wa saruji unasukumwa kwa pampu kupitia mpira mpaka shimo lijae, na ukishaganda, linawekwa bamba la chuma mdomoni na kukazwa kwa nati. Jiwe la nje linakuwa limeshikwa na la ndani, kama mtoto mtukutu aliyeshikwa ukosi wa shati na mama yake. Huo ndio msumari. Hauna kichwa cha kugonga wala nyundo ya kuugongea, lakini jina limeshakaa.

Msumari aliipenda kazi hiyo kwa namna ambayo hakuwahi kuieleza. Juu kule hakuna anayekutuma chumvi. Kasoro ilikuwa moja tu: mashine ilimzoesha kupiga kelele, na jioni alipokaa mezani aliomba maji ya kunawa kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde. Mapacha wake walishazoea kula huku wameziba masikio. Majirani nao walijua mboga ya nyumba ile kila siku bila kuchungulia.

Mama mkwe alikuwa dobi. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kwenye kichochoro, imeegemea mlima kama mtu aliyechoka, na nyuma yake, hatua chache kutoka dirisha la chumba chake, mwamba ulisimama wima. Katika ufa mmoja wa mwamba huo yalitoka maji. Hayakuwa mengi, yalikuwa ya kudumu tu: masika yanatoka, kiangazi yanatoka. Marehemu mumewe alikuwa amejenga birika la saruji chini yake. Maji ya bomba mtaani huja yakitaka, lakini ya Mama Dobi hayakuwahi kununa. Kwa maji hayo alifua mashuka ya nyumba za wageni, mashati ya walimu na magauni ya maharusi, akasomesha watoto, akamzika mume kwa heshima, na hakuwahi kupiga hodi kwa mtu kuomba kitu. Mtu akimsifu kwa bidii, alinyoosha kidole nyuma ya nyumba na kusema, "Mshukuruni yule pale."

Basi mvua za mwaka juzi, kipande cha mwamba kikaanguka kwenye kamba zake za kuanikia. Hakikuua mtu. Kililalia mashuka, kikavunja nguzo, na kikaacha juu yake ufa mpana ambao hata asiye fundi aliuogopa. Ofisi ya barabara ikaja kupima, kwa sababu mwamba huo huo ulizunguka hadi kwenye kona ya barabara. Wakaamua upigiliwe misumari wote, kuanzia kichochoroni hadi konani. Na mafundi waliopewa kazi ni kina nani? Ni kina Msumari.

Jioni hiyo alikwenda kumpa mama mkwe taarifa. Alikaa kwenye ncha ya kiti, kofia mkononi.

"Na maji yangu?" aliuliza Mama Dobi.

"Mama, hutapoteza hata tone."

Mdomo umeponza vichwa vingi, na hiki kilikuwa kimojawapo. Hakuna fundi wa miamba duniani anayejua maji yanapita wapi ndani ya jiwe. Msumari alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Lakini mkwe akiulizwa na mama mkwe hajibu "sijui". Anajibu kinachopendeza, halafu anaomba Mungu.

Kazi ikaanza. Kulikuwa na tabu ya aina yake, kwa sababu kutoka juu ya kamba Msumari aliuona ua wote wa mama mkwe, mpaka kibanda cha kuogea kisicho na paa, na mambo ya mkwe na mama mkwe yana mipaka yake. Kwa hiyo kila alipotaka kushuka, alikohoa kwanza kwa sauti ile ile ya mezani, akasubiri, ndipo akalegeza kamba. Mwenye pampu, mzee mfupi aliyefanya naye kazi miaka mingi, alikuwa akicheka mpaka machozi yanamtoka. Alisema wakwe wengine hubisha hodi mlangoni, huyu anabisha angani.

Mashimo ya kwanza yalikwenda vizuri. Tatizo lilikuja kwenye lile la juu ya dirisha la chumba cha mama mkwe, chini kidogo ya ufa mpana. Msumari alitoboa, akaingiza nondo, mpira ukaingizwa, pampu ikaanza kusukuma uji. Shimo la kawaida hujaa, uji ukachungulia mdomoni, na mtu akapaza sauti, "Tosha." Hili halikujaa. Mfuko wa saruji ukaisha, ukafunguliwa mwingine, nao ukaisha.

"Linakunywa hili," alisema mwenye pampu kutoka chini. "Tuliache ligande, turudi kesho."

Na hiyo ndiyo kanuni. Shimo likinywa kupita kiasi, maana yake uji umepata njia na unatembea ndani ya mlima unakojua wenyewe. Unaacha ugande, uzibe njia, kesho yake unamalizia kwa kidogo. Msumari angekuwa kwenye mwamba wa mtu mwingine yeyote, angesema sawa na kushuka kula. Lakini alitazama chini, akaliona dirisha lile, pazia lake la maua na ncha ya kitanda, akasema, "Ongeza."

"Msumari, limekunywa vya kutosha."

"Ongeza, mzee. Hapa analala mama yangu."

Wakaongeza, wakaongeza tena. Ni kosa ambalo mvivu hawezi kulifanya, wala mtu asiyejali. Linahitaji fundi mzuri mwenye mama mkwe.

Haukupita muda mrefu, ikasikika sauti ya Mama Dobi kutoka uani. Hakupiga kelele. Alisema, "Wewe uliye juu. Shuka uone."

Maji kwenye birika yalikuwa meupe kama maziwa. Ndani ya beseni kulikuwa na majoho meusi ya wanakwaya, na sasa yalikuwa na madoa ya kijivu kuanzia kwenye kola hadi chini. Msumari alitumbukiza mkono, akasugua vidole. Ilikuwa saruji. Akatazama ufa wa maji: ulikuwa unatema uji mwembamba, kwa kusitasita. Alipiga magoti pale, akaanza kuukwangua kwa spana, kisha kwa msumari wa kawaida, kisha kwa kucha. Jioni maji yalikuwa yanadondoka tu, na asubuhi ufa ulikuwa mkavu, umezibwa kwa ndani kabisa ambako mkono haufiki.

Kuanzia hapo mama mkwe aliacha kuzungumza naye. Si kwamba alinuna asijibu. Alijibu kila kitu, ila kupitia kwa binti yake. Msumari akiwa amekaa mbele yake, magoti yao yanakaribia kugusana, Mama Dobi aligeukia upande na kusema, "Mama Mapacha, mwambie mume wako chai iko kwenye chupa." Na mkewe, ambaye alikuwa na hasira kuliko wote wawili, alirudia neno kwa neno.

Injinia wa kazi ile alikuwa mama mmoja wa makamo mwenye buti zilizochakaa, mtu wa maneno machache. Msumari angeweza kumwambia kwamba mwamba ulikuwa na mambo yake. Hakufanya hivyo. Mficha uchi hazai. Alimweleza yote, mifuko iliyokwenda na alivyoonywa.

"Wewe ndiye uliyesema ongeza?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Ni kwa mama mkwe wangu."

Injinia akasema, "Kwa hiyo ungekuwa humpendi, tungekuwa na maji."

Kisha akamwambia lile ambalo Msumari alikuwa ameshalifikiria usiku kucha na kuogopa kulitamka. Maji hayakukauka, yamekosa mlango. Bado yanashuka kutoka mlimani, yanajikusanya nyuma ya jiwe, na mvua zikianza yatakuwa mengi. Maji yaliyofungiwa husukuma. Yanaweza kuusukuma mwamba mzima pamoja na misumari yake, na ulipo mwamba huo, mbele yake kuna dirisha lenye pazia la maua. Lazima yatobolewe mashimo mengine, ya kupandisha kidogo kuelekea ndani, ili maji yapate pa kutokea yenyewe. Na mpaka yapatikane, mama ahame.

Msumari alipeleka ujumbe huo. Mama Dobi alimsikiliza mpaka mwisho, akageukia upande.

"Mama Mapacha, mwambie mume wako hivi. Maji amenichukulia. Nyumba hataichukua."

Wakamsihi, wakakaa naye majirani, akaja dada yake wa siku ile ya posa. Wapi. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, na yeye si maji, hazoleki pia. Mwishowe mke wa Msumari akakunja kanga zake mbili kwenye mfuko. "Baba Mapacha," alisema, "kama mama hatoki, sitamwacha peke yake. Watoto utabaki nao wewe." Akaenda kulala kwa mama yake, kitanda kimoja, chini ya dirisha lile.

Sasa mjue alivyokuwa akifanya kazi mtu huyu. Alikuwa na hofu, na hofu hiyo haikuwa ya kuning'inia. Kila asubuhi aliwapikia mapacha uji ulioungua, akawapeleka shule, akapanda mwambani na kutoboa kutafuta maji. Mwenye kutoboa huyajua maji kabla ya kuyaona: vumbi jeupe linaloruka maana yake jiwe ni kavu, vumbi likiwa jeusi na kunata kwenye chuma, unyevu uko karibu. Akatoboa chini ya ule ufa, vumbi jeupe. Akatoboa kushoto, jeupe. Akatoboa kulia, likawa jeusi, halafu likarudi kuwa jeupe. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya kila alasiri upande wa mlimani. Mwenye pampu aliacha kumtania. Watu wa kichochoroni walisimama kumtazama, wengine wakampa pole, wengine wakampa ushauri, na ushauri huo ndio uliomchosha zaidi.

"Tumeng'ang'ania hapa kwa sababu hapa ndipo yalipokuwa," alisema injinia siku moja wakiwa wamekaa juu ya mifuko mitupu. Aliweka kiganja chake kimelala kimeinama. "Matabaka yanainama hivi, kuelekea konani. Na mimi ningekuwa maji, nikakuta mlango wangu umezibwa, ningeteleza hivi."

Msumari alikitazama kile kiganja. "Huko ni barabarani."

"Najua."

Alielewa alichokuwa anaambiwa. Yakitokea huko, hayatarudi tena kwenye birika la Mama Dobi. Aliomba aruhusiwe kujaribu mara moja zaidi uani. Injinia akamruhusu, nalo shimo hilo likatoa vumbi jeupe kama unga. Basi akapiga moyo konde, akabeba mashine mpaka konani, pale kichochoro kinapokutana na barabara, akaanza.

Vumbi lilianza jeupe. Likawa jeusi. Likaacha kuruka, likageuka tope linalotiririka kwenye mikono yake. Kisha akahisi mashine inasukumwa kurudi kwake. Akaichomoa, na maji yakamfuata, yakampiga kifuani, baridi kali, yakamlowesha mpaka ndani ya viatu. Mwenye pampu alicheza palepale barabarani mpaka lori likasimama kumpisha. Msumari alisimama ndani ya maji yale akilia, na kwa bahati nzuri mtu aliyelowa namna ile hawezi kujulikana kama analia. Alikuwa analia kwa furaha kwamba mkewe atalala salama, na kwa uchungu kwa sababu nyingine.

Bomba la chuma likawekwa mdomoni mwa shimo, na siku iliyofuata tu foleni ya ndoo ilishaanza. Mama Dobi alikuwa amekaa uani juu ya beseni lililopinduliwa Msumari alipokwenda kumwambia.

"Mama, yamepatikana. Lakini hayatarudi hapa. Nilikuahidi kitu nisichokijua. Nisamehe."

Mama Dobi akageukia upande. "Mama Mapacha, mwambie mume wako, nimesikia. Na umwambie yaliyoko barabarani ni ya barabara. Mimi sijawahi kupanga foleni ya maji, siwezi kuanza na uzee huu."

Msumari akawa anambebea. Alfajiri, kabla ya kupanda kamba, alipeleka ndoo moja baada ya nyingine mpaka birika likafika nusu, mtu mzima na misuli yake anakwenda na kurudi kichochoroni na ndoo kichwani, na wanawake wa foleni hawakumwachia hata siku moja kupita bila neno. Maji yale mama mkwe aliyatumia kupikia na kunawa. Hakufulia. Wateja wakaanza kupeleka nguo kwingine, kamba zikabaki tupu, na yeye akawa anakaa mchana kutwa mikono mapajani, jambo ambalo binti yake hakuwahi kuliona tangu azaliwe.

Mvua ya kwanza kubwa ilinyesha mchana. Msumari aliteremka kwenye kamba, hakwenda kujikinga na wenzake, alikimbia moja kwa moja mpaka kwa mama mkwe, akaingia bila kukohoa. Alimkuta yeye na mkewe wamekaa chumbani wanautazama mwamba dirishani. Akavuta kigoda akakaa nao. Kama ungeanguka, basi ungewakuta watatu. Mvua ilipiga bati mpaka hawakusikizana. Mwamba ulichuruzika maji kwa nje, ukang'aa, mabamba ya chuma yakang'aa juu yake. Haukusogea.

Mvua ilipopungua, ulisikika muungurumo kutoka konani. Mama Dobi akainuka, akachukua mwavuli, akatoka mpaka kwenye kizingiti cha mbele, Msumari nyuma yake. Lile bomba lilikuwa linatema maji mazito, mekundu kwa udongo, kwa nguvu iliyovuka mtaro na kupiga katikati ya barabara. Magari yalikuwa yamesimama. Maji yaliendelea hivyo, hayakuonyesha dalili ya kuchoka.

Mama Dobi alitazama kwa muda mrefu.

"Hayo yote," alisema, na safari hii alikuwa amemgeukia yeye, "yangekuwa nyuma ya kitanda changu?"

"Ndiyo, mama."

Aliufunga mwavuli, akautikisa maji. "Kesho usiniletee maji. Niletee ndoo. Mbili, zenye mishikio mizuri."

Asubuhi yake Msumari alikuwa konani juu ya kamba, anakaza nati za misumari ya mwisho, alipomwona anakuja na ndoo zake, kilemba kichwani, amenyooka kama mtu anayekwenda mahakamani. Wanawake walimpisha apite mbele. Akakataa, akasimama mkiani. Mbele yake alikuwa mama mmoja mgeni wa mtaa, mwenye mtoto mgongoni, na kwa kuwa foleni ni ya kuongea, akamuuliza, "Bibi, bomba hili nani kaliweka?"

"Mkwe wangu. Yule pale juu."

"Mwenyezi Mungu ambariki."

"Ambariki," alisema Mama Dobi. "Nilikuwa na maji yangu nyumbani kwangu. Akayaharibu yeye mwenyewe, akayatafuta yeye mwenyewe mpaka akayapata, na mimi nikapona. Sasa sogea mbele, mwanangu, foleni inakwenda."